Ushuru Uliokuwepo Siku Zote: Hati ya Kwanza ya Mshahara Visiwani Lamu

Binti wa Kizingitini anayeajiriwa kwa mara ya kwanza, shahada yake ikiwa bado mpya, huwa na tarakimu mbili za mshahara. Ya kwanza imeandikwa katika barua ya ajira, na huwa imeshaenea mtaani kabla hajaripoti kazini: mama ameitaja kwa jirani, ami ameipigia hesabu ya karo ya wadogo, na muuza duka amekwisha kukubali kufungua daftari la mkopo. Ya pili huingia benki mwisho wa mwezi, na huijua yeye peke yake. Pengo lililo kati ya tarakimu hizi mbili ndilo linalojadiliwa katika makala haya. Hoja yangu ni kwamba mshtuko wa makato ya kwanza hautokani zaidi na ukubwa wake. Ushuru umekuwa ukilipwa katika nyumba hiyo tangu zamani bila kuonekana. Hati ya mshahara ndiyo karatasi ya kwanza kuuweka wazi kwa tarakimu, kisha ikaishia nusu ya njia, kwa kuonyesha kilichotoka bila kuonyesha kinakokwenda.

Tuanze na hesabu, kwa sababu mjadala huu huharibika haraka pasipo tarakimu. Tuchukue mshahara wa jumla wa shilingi 50,000 kwa viwango vya mwaka 2025. Hazina ya malipo ya uzeeni, NSSF, hukata asilimia 6, yaani 3,000. Bima ya afya ya jamii, SHIF, huchukua asilimia 2.75, yaani 1,375. Tozo ya nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5, yaani 750. Hubaki 44,875, na hapo ndipo ushuru wa mapato, PAYE, unapoanza kukokotolewa: asilimia 10 kwa shilingi 24,000 za mwanzo, 25 kwa 8,333 zinazofuata, 30 kwa zilizosalia. Akishapunguziwa nafuu ya binafsi ya shilingi 2,400, PAYE yake huwa kama 5,846. Makato yote ni 10,971. Mkononi anapata 39,029. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, wenye riba ya asilimia 4, mwajiri ataongeza mstari mwingine muhula wa kusubiri ukiisha. Riba hiyo huwa na uzito wake wa pekee katika mji wa Kiislamu, ambako si wachache waliotia saini fomu ile kwa kukosa njia nyingine, na roho zao hazikutulia.

Wazee walioajiriwa zamani husema kwamba siku zao mambo hayakuwa hivi, nao wana haki, ingawa haki hiyo ina mpaka. Mwaka 2022 mwenye mshahara uo huo alikatwa shilingi 200 za NSSF na 1,200 za NHIF, bima ya afya iliyoitangulia SHIF, basi. Michango hiyo ya 1,400 leo ni 5,125 ukijumlisha na tozo ya nyumba. Lakini PAYE yenyewe imeshuka kwa zaidi ya shilingi elfu moja, kwa kuwa mchango wa NSSF, ambao sikuzote hutolewa kabla ya ushuru kukokotolewa, umeongezeka, na tangu 27 Desemba 2024 SHIF na tozo ya nyumba nazo hutolewa kwanza. Kwa hesabu yangu, tofauti ya kinachofika mkononi kati ya mwaka 2022 na 2025 ni kama shilingi 2,400 kwa mwezi. Fedha hizo zina maana kubwa kwa anayelipa nauli ya boti. Hata hivyo hazitoshi kueleza mshtuko tunaouzungumzia. Aliyeanza kazi mwaka 2022 naye alikatwa zaidi ya shilingi 8,000, naye pia alishtuka.

Anayeumizwa zaidi ni wa chini. Mwalimu mwanagenzi wa sekondari msingi aliyepewa posho ya shilingi 20,000 hatozwi PAYE hata senti moja, kwa kuwa nafuu ya binafsi inaimeza yote. Lakini ile michango mitatu haina kiwango cha kuanzia kama kile cha PAYE. NSSF ni 1,200, SHIF 550, tozo ya nyumba 300. Anabakiwa na 17,950. Sheria ya ushuru wa mapato imemwona kuwa hana cha kutozwa, ilhali sheria nyingine tatu zimemkata zaidi ya sehemu moja ya kumi. Anayetetea mfumo huu kwa kusema kwamba mwenye nacho ndiye anayelipa zaidi anaisema PAYE peke yake, na PAYE kwa wengi wa vijana hawa ndiyo nusu tu ya habari.

Kuna jambo jingine linalowahusu sana wanaofanya kazi Lamu. Watumishi wa umma hapa hupewa marupurupu ya mazingira magumu, kwa sababu zinazojulikana na kila aliyewahi kungojea maji yajae ili boti ipite. Marupurupu hayo hutozwa kama mshahara mwingine wowote. Kwa mwajiriwa aliyekwisha kufika katika ngazi ya asilimia 30 na anayechangia NSSF bila kuvuka kiwango chake cha juu, kila shilingi 100 za nyongeza hukatwa 10.25 za michango, kisha asilimia 30 ya zilizobaki. Zinazopotea ni takriban 37. Marupurupu ya 10,000 yaliyokusudiwa kufidia nauli na bei za dukani yanafika yakiwa kama 6,300. Fidia inayotozwa ushuru namna hii hailingani tena na ugumu iliyokusudiwa kuufidia, nami sioni sababu nzuri ya kutoiondolea ushuru.

Je, ni kweli kwamba ushuru ni jambo geni kwa jamii ya visiwani, na ndiyo maana kijana hushtuka? Historia inakataa. Mji wa Amu, yaani Lamu, uliishi kwa forodha. Ushuru wa bandari hii ulikuwa na thamani kiasi kwamba mwaka 1889 Uingereza na Ujerumani zilipelekana kwa msuluhishi, Baron Lambermont wa Ubelgiji, kwa ajili ya makampuni yao mawili yaliyogombania haki ya kuukusanya kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar. Huo ulikuwa ushuru wa shehena: nahodha aliona kinachotolewa, na aliyekitoa alimjua aliyekipokea. Baadaye serikali ya kikoloni ikaleta kodi ya kibanda, 1901, iliyodaiwa mlangoni. Kumkata mtu mshahara kabla haujamfikia ni jambo la karibu zaidi; NSSF iliundwa mwaka 1965 na NHIF mwaka 1966. Mtozaji wa sasa habishi hodi, na wala hahitaji.

Tena, baba yake binti huyu, mvuvi, si mtu asiyelipa ushuru. Kila lita ya petroli anayotia katika mashine ya boti ina ushuru wa ziada ya thamani, VAT, ambao Julai 2023 ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Ina pia tozo ya ukarabati wa barabara, iliyopanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024. Mvuvi wa Kizingitini, kisiwani Pate, hulipia barabara kwa mafuta anayoyachoma baharini. Hakuna hati anayopewa yenye mstari wa tozo hiyo, kwa hiyo hulalamikia bei ya mafuta na humlaumu muuzaji. Bintiye anapopata hati ya mshahara, ndiye wa kwanza nyumbani kuuona ushuru ukiwa na jina na tarakimu. Kwa maana hiyo mshtuko wake ni maarifa. Maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha, yaliyofikia kilele chake tarehe 25 Juni 2024 na kumfanya Rais Ruto autupe mswada huo kesho yake, yaliongozwa na vijana wa rika lake, na sidhani ni sadfa.

Wala watu wa visiwani si wagumu wa kutoa. Mfungo Sita unapokaribia, watu huchangia Maulidi ya Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Saleh, na anayechanga huona mchele ukiteremshwa na wageni wakilishwa. Zaka nayo ina kanuni zinazofahamika na mtoto wa madrasa: asilimia 2.5 ya mali iliyotimia kiwango na kukaa mwaka mzima, ikaenda kwa mafungu manane ya watu waliotajwa. Zaka hugusa kilichobaki baada ya mtu kujikimu. SHIF yenye asilimia inayokaribiana nayo hugusa shilingi ya kwanza. Sisemi kwamba dola iendeshwe kwa kanuni za zaka. Nasema kwamba kijana aliyelelewa katika mazoea hayo anapouliza fedha imekwenda kwa nani, anauliza swali alilofundishwa kuuliza.

Na hati ya mshahara hailijibu. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri atoe maelezo ya mshahara yanayotaja kila kinachokatwa, na inakataza makato kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Ni ulinzi wa kweli. Lakini itazame hati yenyewe: safu moja, vifupisho vinne au vitano, jumla chini. NSSF imesimama pamoja na PAYE, ilhali zile 3,000 ni akiba ya mwenyewe na mwajiri ameongeza 3,000 nyingine juu yake. SHIF ni bima. Tozo ya nyumba ni jambo la tatu kabisa, na hiyo imemchanganya hata mwenye kufuatilia: ilianza Julai 2023, Mahakama Kuu ikasema Novemba 28 kwamba inakiuka katiba, Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha Januari 2024, ikarudi kwa sheria mpya iliyotiwa saini Machi 19. Katika mji ambao mwenye uwezo alimjengea bintiye nyumba siku ya ndoa, na nyumba ya mawe ikarithiwa upande wa wanawake, tozo hiyo ilihitaji kuelezwa zaidi kuliko mahali pengine popote. Ilikatwa tu.

Watakuwepo wanaosema kwamba mhitimu wa chuo kikuu anapaswa kujua haya, kwani viwango vimechapishwa. Viwango vimechapishwa, ndiyo. Wengi hata wana nambari ya PIN ya Mamlaka ya Ushuru, KRA, tangu walipoomba mkopo wa HELB, na baadhi yao hugundua kwamba wana faini ya shilingi 2,000 kwa kutowasilisha ripoti ya mwaka ambao hawakupata chochote. Mtu anaweza kupita mfumo mzima wa elimu akiwa ndani ya daftari la ushuru na asiambiwe. Kuondoa hilo kunahitaji mambo mawili yasiyo na gharama: barua ya ajira itaje makadirio ya kitakachofika mkononi kando ya mshahara wa jumla, na hati ya mshahara itenganishe akiba, bima na ushuru, pamoja na mchango wa mwajiri. Barua ikitaja tarakimu zote mbili, mtaa nao utazisikia zote mbili, na ami atapiga hesabu yake kwa ile ya chini.

Lipo hata hivyo jambo ambalo karatasi nzuri haiwezi kulitengeneza. Bima anayokatwa binti huyu inamhusu yeye, mume na watoto. Mama na baba hawamo. Kwa sheria, kama hajaolewa, kaya yake ni yeye peke yake. Nyumbani Kizingitini kaya yake ni wazazi, wadogo zake, pengine na nyanya, na mama akiugua usiku kiasi cha kuvushwa kwa boti kutibiwa, yeye ndiye atakayepigiwa simu. Kwa hiyo atalipa 1,375 kila mwezi kwa bima isiyomfikia mama, kisha amlipie mama mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua 3,600, na baba vivyo hivyo kama hawakuandikishwa pamoja, kutoka katika zile 39,029. Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipopewa kazi ya kuchukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 ilikuwa na fursa ya kuuliza upya nani humtunza nani nchini humu. Kumruhusu mwajiriwa asiye na mume wala watoto kuwaandikisha wazazi wake wawili katika mchango wake kungeigharimu hazina fedha, na gharama hiyo yafaa ikadiriwe na wataalamu wa bima na kujadiliwa Bungeni waziwazi. Kwa sasa gharama iyo hiyo inalipwa na mwajiriwa wa mwezi wa kwanza, wala haimo katika hati yoyote.