Binti wa Dodoma na Sheria ya Ndoa
Katika soko la Majengo, Dodoma, ambako tangu alfajiri akina mama hupanga mafungu ya nyanya na mlenda mkavu, yastahili kukumbukwa kwamba mzaliwa wa mji huu, Rebeca Gyumi, alithubutu kuishitaki Serikali kwa ajili ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoruhusu binti kuozwa kwa idhini ya wazazi akiwa na miaka 15, ilhali mvulana hungoja 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilihukumu kwamba vifungu vya 13 na 17 vyapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Dhuluma iliyoandikwa sheriani, naamini kwa dhati, huumiza kuliko ya mila, maana hutendwa kwa jina letu sote. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu ile.