Kijani Kisicholika

Simama kwenye daraja la mto Turkwel mjini Lodwar wakati kiangazi kimekaza. Kila upande ni mchanga na vumbi, ila kando ya mto unatanda ukanda mnene wa kijani. Mgeni atasema malisho si haba hapa. Mwenyeji atamwambia huo ni etirai, mti ambao Wakenya wengine huuita mathenge, na majani yake mbuzi huyapita hata akiwa na njaa.

Kwa miaka mingi sasa, anayetegemewa sana kupima malisho ya Turkana ni mgeni wa aina hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba yeye yuko angani.

Kabla yake walikuwapo wazee. Walichinja mbuzi, wakautandaza utumbo na kuusoma: mishipa ilikuwa mito, madoa yalikuwa mvua, ukame au adui. Wapo wanaousoma hadi leo, na msomi anayewacheka afikirie kwanza satelaiti hufanya nini. Nayo hutazama rangi na madoa, kisha watu wakaamua la kufanya.

Marekani ilirusha satelaiti ya kwanza ya Landsat Julai 1972. Siri ya kusoma picha zake ni ndogo. Jani lenye afya humeza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga mwingine usioonekana kwa macho yetu. Chukua huo wa pili, toa mwekundu, gawanya kwa jumla ya yote miwili, na utapata namba moja. Kadiri inavyopanda ndivyo ardhi ilivyo na majani. Hesabu hiyo, iitwayo NDVI, ilipata nguvu mwishoni mwa miaka ya 1970 kupitia kazi ya Compton Tucker wa NASA.

Miaka hiyo hiyo Turkana ilikuwa ikipoteza mifugo kwa ukame na magonjwa, katika janga la 1979 hadi 1981 ambalo wenyewe waliliita Lopiar. Baada yake ilikuja misaada, na pamoja na chakula ikaja miche. Mathenge, mti wa asili ya Amerika, ulikuwa umekwisha kupandwa kwenye machimbo ya Bamburi, Mombasa, mwaka 1973. Katika miaka ya 1980 miradi ya misitu, mingine kwa fedha za Norway, iliuleta Turkana ili uzuie mchanga na utoe kuni na kivuli. Haukuwa uamuzi wa kijinga. Mti ulifanya yote hayo, kisha ukakataa kukaa ulipopandwa. Maganda yake matamu huliwa na mifugo, mbegu zikasafiri tumboni hadi kwenye kila korongo. Huko Baringo, jamii ya Wailchamus walipoishitaki serikali katika miaka ya 2000, walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe kielelezo cha jinsi maganda hayo yanavyoozesha meno.

Basi satelaiti na mathenge viliingia Turkana takriban kwa pamoja, na sidhani kuna aliyewaza kwamba siku moja vingekutana.

Vilikutana kwenye pesa. Mwaka 2010 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, ilianzisha Marsabit bima ya mifugo inayolipa kwa kuangalia picha za satelaiti badala ya kuhesabu mizoga. Mradi huo uliongozwa na mwanauchumi Andrew Mude. Oktoba 2015 serikali ilianza mpango wake wa namna hiyo Turkana na Wajir, na Februari 2017 ikatangaza malipo ya zaidi ya shilingi milioni 214 kwa kaya zaidi ya 12,000 za kaunti sita. Mamlaka ya Kudhibiti Ukame, NDMA, nayo hutumia kipimo cha kijani cha miezi mitatu: kikishuka chini ya 20, huo ni ukame mkali, na fedha za dharura za HSNP, mpango wa kuzipa kaya maskini pesa taslimu, huweza kufika hata kwa kaya zisizopokea kila mara.

Kwenye tambarare za nyasi hesabu hii hufanya kazi vizuri, na ni haki kusema hivyo. Tatizo liko mitoni. Kila nukta ya picha zilizotumika kwa bima ilifunika mita 250 kwa 250, zaidi ya hekta sita. Weka humo mathenge wenye mizizi inayofuata maji chini kabisa, na nukta itabaki kijani wakati mbuzi wanakonda. Isitoshe, hesabu hulinganisha msimu huu na misimu iliyopita ya mahali pale pale. Mti ukiendelea kuenea, kijani huongezeka bila tonge moja kuongezeka.

Dawa ilipatikana ndani ya ugonjwa wenyewe. Purity Rima Mbaabu na wenzake, katika utafiti wa Baringo uliochapishwa 2019, walifundisha kompyuta kuutambua mti huu mgeni. Kazi huanza kwa miguu: unafika mahali, unaandika huu ni mathenge, huu ni mgunga, hapa ni shamba. Kisha kompyuta hujenga mamia ya miti ya maamuzi, kila mmoja ukipiga kura juu ya kila nukta, na kura nyingi hushinda. Wataalamu huiita njia hii msitu nasibu: msitu unaotafuta msitu. Picha za kiangazi husaidia sana, maana kilichobaki kijani wakati vingine vimekauka kinajitaja chenyewe. Wakarudi nyuma kwenye picha za Landsat na kuona mathenge wa Baringo ukipanda kutoka hekta 882 mwaka 1988 hadi 18,792 mwaka 2016.

Anayetaka kuileta njia hiyo Turkwel atakutana na ewoi, mgunga wa huku, ambao nao huvumilia kiangazi na kuichanganya mashine. Kosa hapo haliishii kwenye jedwali. Ewoi wa kando ya mto una wenyewe: ni ekwar, haki ya familia juu ya miti ya mahali fulani, na maganda yake ndiyo akiba ya mbuzi wakati wa njaa. Ukituma watu wenye mapanga kwa ramani iliyokosea, umezua kesi.

Kakuma mashine ina mtihani mwingine. Tangu kambi ya wakimbizi ifunguliwe mwaka 1992, makumi ya maelfu ya mafiga yamehitaji kuni na makaa, na Waturkana wa pale huwauzia wakimbizi, mathenge wa mto Tarach ukiwamo. Mti ukikatwa, kijani hupungua kwenye picha, ingawa mfugaji aliyefunguliwa njia ya kufika mtoni angesema mambo yamekuwa mazuri. Mvua moja ikinyesha kisiki huchipuka upya, na picha inayofuata huonyesha kwamba hali imeboreka.