Kabla Ucheke Ndama wa Kisii, Uliza Maziwa Yalienda Wapi

Ukipita Keroka ama Nyamira uone ndama mbavu zinahesabika, utasikia msee akisema, "Hiyo mbegu ni mbaya." Zii. Hiyo si stori ya mbegu pekee, ni stori ya historia.

Zamani ng'ombe wengi wa Abagusii walikaa egesarate, kambi ya ng'ombe iliyolindwa na vijana wa rika letu. Karibu mwaka wa 1913 Waingereza wakazivunja hizo kambi, ng'ombe wakarudi nyumbani. Watu wakaongezeka, malisho yakaisha. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ukafungulia Waafrika ng'ombe wa gredi na mazao ya kuuza. Miaka ya 1980 mradi uliofadhiliwa na Uholanzi ukasukuma ufugaji wa zizini na nyasi ya nepia. Shamba dogo likaanza kutoa pesa kila asubuhi.

Lakini pesa yenyewe ilikuwa chakula cha ndama. Maziwa ni karo, ni sukari, ni fare. Ndama anapewa yaliyobaki, saa zingine yametiwa maji.

Hapo ndipo mafuta yanaingia. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Ya protini ama wanga ina 4. Ndama wa wiki mbili hawezi kuishi na nyasi, tumbo lake halijakomaa. Na usiku wa Nyamira ni baridi. Mafuta yakipungua, mwili unachoma protini ili upate joto, na hiyo protini ndiyo ingejenga misuli na mifupa. Lakini usidanganyike ati mafuta pekee ndiyo dawa. Mpe mnyama aliyekonda mafuta mengi bila protini ya kutosha, atanenepa lakini hatarefuka. Maziwa kamili huwa na zote mbili.

Na si ng'ombe tu walipimwa hivi Kenya. Mwaka wa 1931 John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe ya mifugo kutoka Scotland, pamoja na daktari Gilks, walichapisha utafiti wa Wamaasai na Wakikuyu. Wanaume Wamaasai, watu wa maziwa na nyama, walikuwa warefu kwa inchi 5 na wazito kwa ratili 23 zaidi, kwa wastani. Jibu lao: chakula. Sawa. Lakini Wakikuyu walikuwa wamenyang'anywa mashamba, na swali la nani alichukua ardhi halikupewa uzito kama mizani.

Sisi pia tunapima ndama, hatupimi ndoo. Ndama wa kilo 30 anahitaji karibu lita 3 za maziwa kila siku. Mtamba aliyenyimwa anachelewa kuzaa, na hiyo miezi unalisha ng'ombe bila kukama hata kikombe. Lita uliyouza leo unailipa baadaye, na riba juu.

Simlaumu mathee anayeuza maziwa ndiyo mtoto asifukuzwe shule. Nasema tu, tuache kulaumu mbegu wakati ndoo imeenda sokoni.