Silabi Kwanza: Historia ya Uchapaji wa Nota Babati

Babati ilipofanywa makao makuu ya Mkoa mpya wa Manyara mwaka 2002, ilikuwa mji wa njia panda tangu zamani. Barabara kuu kutoka Arusha kwenda Kondoa na Dodoma inapita humo, na kandokando ya Ziwa Babati wanakutana Wagorowa na Wairaqw wenye lugha za Kikushi, Wadatoga wa Kiniloti, na Warangi na Wambugwe ambao ni Wabantu. Kwaya ya mji kama huu ikitaka kila mtu afungue mdomo, Kiswahili ndicho kinachobaki. Kwa hiyo historia ya kuchapa nyimbo hapa haianzii kwenye kompyuta, wala si safari ya kupanda kutoka herufi duni za sol-fa hadi mistari mitano ya kisasa. Kilichochapwa muda wote huu ni silabi ya Kiswahili iliyofungwa kwenye sauti yake, na kila chombo kilichotanguliza nota na kuyaacha maneno nyuma kimetutaabisha.

Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Misa katika Jimbo la Mbulu, ambamo Babati imo, iliimbwa kwa Kilatini. Jimbo lilipata hadhi hiyo mwaka 1953 chini ya Askofu Patrick Winters, Mpallottini, na vitabu vya Kigregoriani vilikuwa na mistari minne na nota za mraba. Ufunguo wake hautaji kimo kamili cha sauti. Unaonyesha tu Do, au Fa, iko mstari gani, na mwimbishaji anaichukua sauti hiyo pale koo za watu wake zinapofika. Karne ya 19, Sarah Glover wa Norwich na baada yake mchungaji John Curwen waliandika wazo hilohilo kwa herufi tupu za sol-fa, d, r, m, f, s, l, t, zilizogawanywa kwa nukta na mistari wima. Wamisionari walizisambaza, na sababu mojawapo haikuwa ya kiroho hata kidogo: herufi zilikuwamo tayari katika kila kiwanda cha chapa, ilhali nota za mistari zilidai chapa maalumu na fundi wake.

Sababu hiyo iliamua mambo hata katika ofisi za parokia na sharika. Taipureta ilitoboa stensili ya sol-fa bila shida, mashine ya kurudufu ikatoa nakala. Mistari mitano ilibidi ichorwe kwa kalamu ya chuma juu ya nta, na mkono ukiteleza, stensili imekwisha. Taipureta ilikuwa na fadhila nyingine iliyoonekana ilipoondoka: herufi zake zote zina upana mmoja, hivyo m ya soprano ilisimama juu ya d ya besi kama nguzo. Watu walipoandika sol-fa kwa Word katika Times New Roman, m ikawa pana kuliko l na f, na sauti nne zikaanza kupishana. Ukifika mwisho wa mstari, kwa jicho besi iko pigo moja nyuma. Waliojua walihamia Courier au wakapanga herufi ndani ya jedwali. Wengine walibonyeza nafasi mpaka macho yakaridhika, kisha kompyuta ya steshenari, isiyo na fonti ileile, ikavuruga kila kitu.

Programu za kuchapa nota, yaani Finale ya mwaka 1988, Sibelius ya 1993, na MuseScore ambayo ni ya bure, zilimaliza tatizo hilo zikaleta lingine. Mazoea yake ni kuweka nota kwanza, kisha kurudi kupanga maneno chini yake. Katika MuseScore kistari humaliza silabi na nafasi humaliza neno, basi. Mengine ni juu ya mchapaji. Mtakatifu ina silabi tano, na m ina nota yake peke yake, midomo ikiwa imefungwa. Ukichapa Mta- chini ya nota moja, silabi zote zinasogea, nota ya mwisho inabaki bila neno, na lawama anabebeshwa mtunzi. Mungu ni Mu-ngu. Anayesoma Mun-gu huipeleka sauti puani mapema, na nota ndefu inakufa kabla ya wakati wake. Nchi, kwa upande wake, inataka n isimame yenyewe, maana ndiyo inayobeba mkazo. Kwa mwimbaji ambaye lugha ya nyumbani kwake, Kiiraqw au Kigorowa, huruhusu neno kuishia kwa konsonanti, kistari hicho ni mwalimu wa matamshi.

Watasema mistari mitano ndiyo lugha ya dunia, na kung'ang'ania herufi ni kubaki nyuma. Hoja hii ina uzito kwa mpiga kinanda: katika sol-fa haoni kodi nzima, yaani nota zinazolia pamoja, kwa mtazamo mmoja, na wimbo ukihama ufunguo katikati, herufi humchosha. Lakini tazama karatasi za mistari zinavyosomwa. Juu huandikwa Do = F au Do = G, na kwaya inasoma do-re-mi inayohama, vilevile kama enzi ya stensili; naye mpiga kinanda mara nyingi hubonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo akapiga pale alipopazoea. Mistari imekuja, usomaji ni uleule. Wengine watasema kwaya hujifunza kwa sikio, karatasi ya nini? Sikio hushika sauti ya kwanza vizuri. Alto na teno ndizo zinazopotea wimbo unapovuka kutoka parokia hadi parokia, na hifadhi kama Swahili Music Notes, yenye maelfu ya nyimbo za kwaya, isingekuwa na kazi kama sikio lingetosha. Hoja ngumu kuliko zote ni kwamba silabi ikipangwa sawasawa bado wimbo unaweza kuwa mbaya. Ni kweli. Tenzi za Kijerumani zilizotafsiriwa mara nyingi huangusha pigo zito kwenye silabi ya mwisho, wakati mkazo wetu uko kwenye ya pili kutoka mwisho, na hilo halirekebishwi na programu yoyote. Ndiyo sababu kazi ya mmisionari wa Kilutheri Howard Olson, aliyekusanya pale chuoni Makumira nyimbo zenye mahadhi ya Kiafrika katika kitabu cha Tumshangilie Mungu, ilikuwa pia kazi ya lugha.

Ajabu ni kwamba programu inayolingana zaidi na kazi hii ilitengenezwa kwa ajili ya muziki wa kale. Katika Gregorio, inayochapa nota za mraba, unaandika silabi, kisha ndani ya mabano herufi za sauti zake, kisha silabi inayofuata. ChordPro, inayofaa vikundi vya sifa vyenye gitaa, huweka kodi kwenye mabano ya mraba mbele ya silabi inapobadilika. Zote mbili ni maandishi ya kawaida, yanayofunguka kwenye kompyuta yoyote. Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena Finale, na aliyehifadhi nyimbo zake humo pekee inambidi azitoe kwa muundo wa MusicXML, unaosomwa na programu nyingine, wakati kompyuta yake bado inazifungua. MusicXML nayo hubeba silabi kama ilivyozikuta: Mun-gu ya Finale itatokea Mun-gu kwenye MuseScore, kwa hiyo anayehamisha nyimbo ayasome maneno kabla hajasikiliza nota.