Malezi na kazi ya uigizaji
Malezi katika uigizaji, jukwaani na kwenye filamu, ni mzigo unaomwelemea zaidi mwanamke. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja, na hadi saa 2 za kunyonyesha kwa siku. Baba hupewa siku 3. Tofauti hiyo peke yake yaonyesha sheria ilimdhania nani kuwa mlezi. Lakini waigizaji wengi wa Tanzania hulipwa kwa kazi, si kwa mshahara, na haki hizo haziwafikii: asiyefika lokesheni halipwi.

Kwa mwigizaji wa Ipogolo, katika Manispaa ya Iringa kando ya barabara kuu iendayo Zambia, huongezeka umbali. Filamu nyingi hutengenezwa Dar es Salaam, takriban kilomita 500, na mtoto ama abebwe ama aachwe kwa bibi yake.

Mzigo kama huu umo pia katika maandishi ya jukwaani: tamthiliya ya Penina Muhando, Nguzo Mama (1982), inaonyesha wanawake wa kijiji wakihangaika kuisimamisha nguzo, huku matatizo ya kila mmoja yakiwarudisha nyuma.