MLIMANI HAPAJENGWI NYUMBA

Leo nataka tupande mlima pamoja, mimi na wewe.

Mlima wenyewe uko jangwani Sinai, nchini Misri. Waarabu huuita Jebel Musa. Kimo chake ni mita 2,285, kwa hiyo Longonot yetu, yenye mita 2,776, inaupita. Biblia haituonyeshi kwenye ramani mahali Sinai ilipo, na wasomi bado wanabishana. Lakini kwa zaidi ya miaka 1,600 Wakristo wamekuwa wakienda hapo wakiamini ndipo Musa alipopokea zile amri.

Mmoja wao alikuwa mwanamke aliyeitwa Egeria. Alifika miaka ya 380 akitoka mbali magharibi, akawaandikia dada zake katika imani. Sehemu ya maandishi hayo ipo hadi leo. Alifika Jumamosi jioni, watawa wakampokea, akalala kwao. Jumapili asubuhi na mapema wakamwongoza juu, kwa miguu, njia imesimama wima. Kileleni wakasoma habari za Musa mahali pale pale, wakashiriki Meza ya Bwana, watawa wakawapa matunda. Kisha wakashuka.

Karne ya 6, Kaisari Justinian alijenga kanisa na kuta imara za monasteri ambayo leo inaitwa ya Mtakatifu Katarina. Angalia alipoijenga: chini, bondeni! Procopius, mwanahistoria wa wakati huo, aliandika kwamba kileleni mtu hakuweza kulala usiku kwa sababu ya ngurumo na mambo ya kutisha.

Kuna Wabedui wanaoitwa Jebeliya, yaani watu wa mlimani. Wao husimulia kwamba babu zao waliletwa na Kaisari huyo kuilinda na kuitumikia monasteri. Leo ni Waislamu, na bado wanaifanya kazi hiyo. Mgeni akifika jioni na kulala kidogo, ni wao wanaomwongoza usiku wa manane. Anaweza kufuata njia ya ngamia au kupanda ngazi za mawe zipatazo 3,750, zinazoitwa Ngazi za Toba. Baridi inauma. Jua linachomoza, watu wanalia, wanaomba, wanapiga picha. Halafu wanashuka.

Mpendwa, umeona? Kila anayepanda hushuka. Na ndivyo Maandiko yanavyofundisha.

Musa akiwa bado juu na Mungu, aliambiwa ashuke upesi kwa kuwa watu wake wameharibika (Kutoka 32:7). Eliya alitembea siku 40 hadi Horebu, akaingia pangoni. Mungu hakumwambia ajenge hapo. Alimuuliza anafanya nini huku, kisha akamrudisha kwa njia ile ile na kazi mkononi: Hazaeli, Yehu, Elisha (1 Wafalme 19). Na Israeli, baada ya karibu mwaka mmoja chini ya mlima huo, waliambiwa wamekaa vya kutosha, waondoke (Kumbukumbu la Torati 1:6).

Acha nikiri jambo. Nikiwa chuo cha Biblia nilipanda mlima wa maombi nikafunga siku tatu. Wakati huo mimi na ndugu yangu hatukuwa tunaongea kwa sababu ya shamba. Nilishuka nikinena kwa lugha, nikapita karibu na lango lake, sikuingia. Nilikuwa nimepanda kwa miguu, lakini moyoni sikuwa nimeshuka.

Sisemi usiende kwenye kesha. Nenda! Sisemi usifunge. Funga! Wala hakuna ubaya kwenda Sinai, Mungu akikupa nauli. Lakini hakuna udongo wala maji ya mlima wowote yatakayokufanyia kile ulichotumwa ukafanye nyumbani. Mkeo anakungoja bondeni. Karo ya mtoto iko bondeni. Yule uliyemkosea yuko bondeni.

Je, ni lango la nani umekuwa ukilipita baada ya maombi? Leo, kabla jua halijatua, mpigie simu.

Baba, asante kwa mlima. Tupe na neema ya kushuka. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA, kisha uweke simu chini uende. Ubarikiwe.