Mizinga ya Nyuki ya Le Chambon

Jumapili ya Juni 23, 1940, siku moja baada ya Ufaransa kutia saini kusitisha vita na Ujerumani, wachungaji André Trocmé na Edouard Theis waliwaambia waumini wa kijiji cha Le Chambon-sur-Lignon, milimani Ufaransa, kuwa Mkristo hupambana na mabavu kwa silaha za roho. Wote wawili waliamini kwamba mfuasi wa Yesu haui, hata vitani.

Maneno hayo hayakuishia mimbarini. Waumini wao walikuwa Waprotestanti, wazao wa watu waliowindwa na wafalme wa Ufaransa kwa ajili ya imani yao. Wayahudi walipoanza kukimbilia milimani huko, walifunguliwa nyumba, shule na mashamba. Oscar Rosowsky, kijana wa Kiyahudi aliyewahi kutengeneza taipureta, alighushi vitambulisho na kadi za mgao wa chakula, na vifaa vyake akavificha ndani ya mizinga ya nyuki kwa mkulima Héritier. Nani angethubutu kupekua humo?

Februari 1943 wachungaji hao walikamatwa na kupelekwa kambini. Walitakiwa wasaini ahadi ya kuitii serikali ya Ufaransa iliyoongozwa na Pétain, wakakataa. Juni mwaka huohuo Wajerumani walivamia bweni la wanafunzi la Les Roches. Msimamizi wake, Daniel Trocmé, binamu wa mchungaji Trocmé, alikuwa nyumba nyingine na angeweza kutoroka. Alikwenda kuwa pamoja na wanafunzi wake, akakamatwa nao. Alifia katika kambi ya Majdanek, Aprili 1944.

Je, Myahudi mwenyewe alipaswa kungoja tu afichwe? Aprili 19, 1943, Wayahudi wa geto la Warsaw waliwapokea askari wa Hitler kwa bastola chache na chupa za petroli. Huko Marekani, mwanateolojia Reinhold Niebuhr, aliyewahi kuwa kiongozi wa Wakristo wapinga vita, alikuwa ameshaachana nao. Mwaka 1941 alianzisha jarida la Christianity and Crisis kuwahimiza Wakristo waunge mkono mapambano dhidi ya Hitler.

Swali hilo la kupigana au kutopigana lilifika hadi Le Chambon. Pierre Fayol, Myahudi aliyekuwa akiishi eneo hilohilo, aliongoza wapiganaji wa msituni. Trocmé hakutaka vijana washike bunduki, lakini milima ileile iliwahifadhi wote.

Trocmé alistahili kuhubiri amani kwa kuwa alitanguliza shingo yake mwenyewe. Mkristo anaweza kula kiapo cha kutoua. Hawezi kumlisha kiapo hicho mama wa Kiyahudi ambaye watoto wake wanasakwa wapakiwe kwenye treni ya kwenda kambi ya mauaji ya Auschwitz. Na makanisa yaliyowasema vibaya Wayahudi kwa karne nyingi hayakuwa na uso wa kuwaambia wageuze shavu la pili.

Trocmé alifariki mwaka 1971. Mwaka 1990, Yad Vashem, taasisi ya Yerusalemu ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi, iliwatunuku heshima wakazi wote wa Le Chambon na vijiji jirani.